Mkono wa Kulia, Jicho la Kushoto

Nilikuwa nimembana kaa kwa koleo, mkono umezama ndani ya maji ya tangi la tisa hadi kwenye kiwiko, nikasema kama nilivyokuwa nikisema wiki nzima, "Samahani, mkono wa kushoto."

Bi Riziki alikuwa anasugua kioo cha tangi la sita, ng'ambo ya ujia. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo.

"Unamwomba radhi pweza, Mize? Akujibu nini? 'Si neno, mwanangu'?"

"Mazoea tu, Bi Riziki."

"Basi ungemwamkia kwanza. Umeingia kwake hata hodi hukupiga."

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji. Siku saba nyuma nilikuwa nakwangua wavu wa chuma kwenye mdomo wa bomba, ganda la chaza likanichana kiganja, nikashonwa nyuzi tano. Tangu hapo kila kitu nilikifanya kwa kushoto, kuandika na kulisha pia.

Pweza wa tangi la tisa alitoka shimoni mwake taratibu. Bi Riziki alimpa jina la Karani, kwa sababu hupanga makombe mlangoni mwake kwa mstari, na ukiyavuruga huyapanga tena. Alibadilika rangi, kahawia ikawa kijivu, kisha akageuza kichwa. Mboni ya pweza ni mstari mweusi uliolala. Mstari ule ukanielekea, ukatulia juu ya kaa. Mnyiri wa mbele ukanyooka, ukamchukua.

Skrini juu ya tangi ikaandika:

TANGI 9. JICHO: KULIA. MNYIRI WA KWANZA: KULIA. MWEZI ULIOPITA: KUSHOTO. MABADILIKO YASIYO YA KAWAIDA. HIFADHI AU FUTA?

Sikubonyeza kitu. Nilikwenda tangi la kumi, nikalisha. Kulia. La kumi na moja, kushoto kama zamani. La kumi na mbili, kulia. Nikarudi la saba na la nane kuangalia vipimo vya asubuhi. La saba kulia, la nane kushoto.

Tangi la kwanza mpaka la sita ni ya Bi Riziki. La saba mpaka la kumi na mbili ni yangu. Nilivuka ujia nikasoma skrini zake zote sita. Kushoto, kushoto, kushoto, mpaka mwisho.

"Unatafuta nini kwangu?" akauliza Bi Riziki.

"Bado sijui."

"Ukikijua uniambie. Na Karani ukampe kaa mwingine, kesho wanamfumba jicho, maskini."

Hilo nilikuwa nalijua. Karatasi ilikuwa ukutani. Wote kumi na wawili, kesho saa mbili asubuhi.

*

Kituo chetu huvuta maji ya bahari, huyatoa chumvi, huyapeleka mjini. Mabomba ya kuvutia ni manne, na kila moja huota chaza na kome kwa ndani mpaka njia inaziba. Mtu haenei humo. Mashine tulizojaribu zilikwama, mbili bado zimo. Pweza hupita popote mdomo wake mgumu unapopita. Huvishwa mkanda mwembamba wenye taa, huingia, hung'oa chaza, hufungua valvu na kufunga, halafu hutoka kula. Dokta Thuwaiba, mkuu wa kituo, huwaondoa tezi iliyo nyuma ya macho, ile inayomfanya pweza azeeke akishazaa. Kwa hiyo wetu huishi miaka minne hadi mitano, na muda huo unatosha kumfundisha kazi.

Waliojenga mabomba waliweka valvu zote upande wa kulia unapoingia. Hakuna aliyejua kwamba hilo lingekuwa na maana. Mwaka wa kwanza pweza kumi na mmoja waliingia, watano walikatwa na valvu. Tukiangalia picha za taa tuliona jambo lile lile kila mara. Pweza anatanguliza jicho la kushoto, minyiri ya kushoto inafuata jicho, na upande wa kulia anakuja kuuona valvu ikiwa imeshaanza kujifunga.

Ndipo Dokta akaanza kupima macho. Kila pweza aliyeletwa alilishwa siku thelathini mbele ya skrini. Kati ya sabini wa mwanzo, sitini na watatu walikuwa wa kushoto. Akaandika kwamba pweza wa mwamba huu wamezaliwa hivyo, na watu wakaja kutoka mbali kuwaangalia. Kisha akapata dawa. Tone moja nyuma ya jicho la kushoto, neva inakufa, jicho linajifumba. Pweza anabaki na la kulia, analitumia kwa sababu hana jingine, na valvu anaiona mapema. Tangu siku hiyo hakuna pweza aliyekatwa.

Jicho halirudi. Hamsini na wanane walio hai sasa wako Bwawa la Pili, kila mmoja na jicho moja. Mimi ndiye niliyewalisha na kuandika vipimo vyao, karibu wote. Chuo sikwenda. Nilikuwa mchokoaji wa pweza mwambani kabla ya kituo kujengwa, nikaajiriwa kulisha, na mashine nikazijua kwa kuuliza na kuandika majibu kwenye daftari. Nina madaftari kumi na manne.

Niliketi nikachukua daftari la kumi na nne, nikachora tangi, nikachora mtu amesimama mbele yake. Pweza akikutazama uso kwa uso, mkono wako wa kulia uko upande wa jicho lake la kushoto. Siku thelathini za kupima ni milo sitini. Mara sitini kaa anatokea upande huo huo.

Nilichora tena mtu huyo, nikampa kaa kwa mkono wa kushoto. Kisha nikaweka kalamu chini, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka Bwana Rwegasira.

*

Bwana Rwegasira alitoka Bukoba. Alikaa nasi miezi kumi, kabla hajahamishiwa kituo kingine. Mtu mpole, mwenye vicheko vifupi, na alikuwa anatumia kushoto. Wiki zake mbili za mwanzo alipewa matangi kumi. Siku ya kumi nilipokagua vipimo, skrini nane zilikuwa zinaniuliza swali lile lile. Hifadhi au futa.

Nilimwita pembeni, nisimwaibishe mbele ya watu.

"Bwana Rwegasira, usinifahamu vibaya. Huku kwetu kitu hutolewa kwa mkono wa kulia."

"Hata kwa pweza, dada Mize?"

"Hata kwa pweza. Wanazoea."

Alicheka kidogo, akasema atajitahidi. Siku iliyofuata alibadilisha mkono. Baada ya siku chache pweza wake wakawa wa kushoto kama wengine, na mimi nikaona nimerekebisha kosa. Vile vipimo vyake nikavifuta. Niliona ni vya mtu aliyekuwa anajifunza kazi.

Mashine haipotezi kitu. Inavisogeza tu mahali ambapo hakuna anayekwenda kuangalia. Vilinichukua saa nzima kuvipata, kwa mkono mmoja. Siku kumi, matangi kumi, wanane wamegeuka kulia. Tarehe ilikuwa ya miaka miwili nyuma. Nilipiga hesabu waliofumbwa tangu tarehe hiyo. Arobaini na mmoja.

Ukutani, juu ya kichwa changu, ilikuwa imebandikwa kanuni ya nne ya kituo. Anayefuta kipimo bila saini ya mkuu, kazi yake inakoma siku hiyo. Niliibandika mimi, na gundi niliipika mwenyewe.

Vile vilivyofutwa hakuna aliyekuwa akivijua isipokuwa mimi. Ningeweza kupeleka vya wiki hii peke yake, wanne kati ya sita, na kuacha Dokta aseme ni wachache. Nilifikiri hilo kwa muda, siwezi kusema sikulifikiri. Kisha nikachapisha karatasi zote mbili.

*

Dokta Thuwaiba alikuwa anakunywa chai. Alinimiminia kikombe bila kuniuliza, akanipa. Nikampa karatasi.

"Samahani, mkono wa kushoto."

"Unaumwa, hukuvunja adabu. Kaa." Alisoma ya juu. "Wanne kati ya sita. Kwa siku ngapi?"

"Saba. Wamenigeukia tangu nianze kulisha kwa mkono huu. Wa Bi Riziki hajageuka hata mmoja."

"Sita ni wachache, Mize. Huenda ni maji, huenda ni mwezi. Unajua nitakalosema."

"Najua. Ndiyo maana kuna karatasi ya chini."

Aliifungua. Alisoma polepole, akarudia. "Hii ni ya nani?"

"Ya Bwana Rwegasira. Alikuwa anatumia kushoto."

"Hii sijawahi kuiona."

"Niliifuta."

Kikombe chake kilirudi kwenye kisahani. Nje mtambo wa kuvuta maji ulikuwa unanguruma kama kawaida.

"Kwa nini?"

"Nilidhani anawafundisha pweza adabu mbaya," nikasema. Ilisikika ya kijinga, lakini ndiyo ilikuwa kweli. "Nikamwambia atumie kulia. Akatumia. Wakarudi kushoto."

Dokta hakupandisha sauti. Aligeuza kiganja chake cha kulia, akakiangalia.

"Na mimi ninapowapima mara ya mwisho, kabla ya tone, huwalisha kwa mkono gani?"

Hakuwa ananiuliza mimi.

"Wale watano waliokatwa," akasema, "niliwatoa bombani mimi."

"Nilikushikia ndoo."

"Jicho moja na uhai, au macho mawili na valvu. Niliona hesabu haina ugumu."

"Kwa tulichokijua siku hiyo, haikuwa na ugumu."

"Usinitetee, Mize."

"Sikutetei. Na mimi nimo humo humo."

Alisimama, akaenda kwenye kalenda. Bomba kuu lilitakiwa kusafishwa baada ya siku kumi na sita. Maji yalikuwa yameshapungua, hospitali ya mjini ilikuwa inapata kwa zamu. Pweza wa Bwawa la Pili walikuwa wamemaliza mabomba matatu mfululizo na walihitaji kupumzika. Bila hawa kumi na wawili bomba kuu lisingesafishika.

"Nikiwapeleka hivi walivyo, watakatwa," akasema. "Nikiwafumba kesho, watafanya kazi, na huenda nimewafumba bure. Hayo ndiyo niliyonayo?"

"Kuna la tatu. Tuwalishe wote kwa kushoto, wa Bi Riziki pia. Kama ni mkono, na wake watageuka. Wakigeuka, wataingia bombani na macho mawili."

"Na jicho lililofundishwa kwa kaa litakumbuka somo ndani ya bomba lenye giza?"

"Lile la kushoto lilikumbuka."

Alihesabu siku kwenye kalenda kwa kidole.

"Nikikupa siku kumi, zinabaki sita za kuwafundisha bomba," akasema. "Sita ni chache, lakini zimewahi kutosha. Ikishindikana, siku ya kumi na moja nawafumba wote kumi na wawili. Sitaki siku hiyo uje kunililia."

"Ikishindikana nitakushikia taa."

"Hilo umelisema wewe."

"Nimelisema mimi."

Aliivuta nakala ya karatasi ile ya kesho saa mbili, iliyokuwa mezani kwake, akaandika tarehe nyingine na kutia saini. Kisha akagusa karatasi ya Rwegasira kwa kidole.

"Kuhusu kufuta. Kanuni niliiandika mimi."

"Najua."

"Andika barua, ueleze ulichofuta na lini. Uniletee kesho. Nitaifungua siku ya kumi na moja, siyo kabla. Mlishaji mwenye hofu mkono hutetemeka, na pweza huona."

Nilifika mlangoni akaniita.

"Mize. Wale hamsini na wanane."

Niligeuka.

"Basi," akasema. "Nenda kazini."

*

Bi Riziki nilimweleza akiwa bado na brashi mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kwa hiyo mimi nilishe kwa kushoto."

"Siku kumi tu."

"Mama yangu atafufuka aje anizabe kofi."

"Atakukuta kazini, atarudi."

Alichukua koleo, akabana kaa, akaenda tangi la kwanza. Mkono uliokwenda majini ulikuwa wa kulia. Hakujua mpaka nilipomgusa bega. Akahamisha koleo, kaa akachoropoka, tukamkimbiza chini ya meza wote wawili. Alipomshika tena, akanyoosha mkono ule ule wa kulia.

"Unajiendea wenyewe!" akasema kwa hasira. "Huu mkono mnafiki."

"Pole pole."

"Pole pole nini, nina miaka hamsini na saba nao." Alifungua kanga aliyojifunga kiunoni, akachana upindo wake kwa meno. "Nifunge."

"Nikufunge vipi?"

"Huu wa kulia. Uufunge na kiuno, usitoke. Ndivyo walivyonifunga mimi, ila kwangu ulikuwa wa kushoto. Kila nikikaa kula, mpaka nikajua kula kama watu."

Tumefanya kazi pamoja miaka tisa. Nilikuwa sijui.

"Hukuniambia kama ulizaliwa na kushoto."

"Na nani anayepita akijitangazia jambo kama hilo? Funga, jua linakwenda."

Nilifunga kwa mkono mmoja na meno. Bandeji yangu ilikuwa inanizuia, naye alikuwa anacheka, akisema tukijumlisha mikono yetu sote tunamfikia mtu mmoja mzima. Kisha akarudi tangi la kwanza. Koleo lilitetemeka mara mbili, tatu. Mara ya nne likatulia. Akamshusha kaa majini sawasawa, bila kurusha tone, vizuri kuliko nilivyowahi kumwona akifanya kwa kulia. Aliuangalia mkono wake kama mtu aliyekutana na jamaa sokoni.

"Samahani, mkono wa kushoto," akamwambia pweza, na safari hii hakuwa anatania.

Pweza alitoka, akageuka. Jicho la kushoto, mnyiri wa kushoto. Ilimbidi apindishe mwili mzima kumfikia kaa. Skrini ikaandika. Nikabonyeza hifadhi.

"Hakugeuka," akasema Bi Riziki.

"Siku ya kwanza. Wangu walichukua siku nne, tano."

Tangi la pili, kushoto. Tukasubiri, kwa sababu ukiwalisha haraka haraka huona mwendo wa wenzao kupitia kioo na kipimo huharibika. Tangi la tatu, kushoto. Kila mara Bi Riziki alisema samahani yake. Baada ya la tatu nilimwambia, "Hawa usiwaombe radhi, Bi Riziki. Hawa hatujawafanya kitu bado."

Alinitazama. Niliinua kidevu kuelekea Bwawa la Pili.

Alikwenda. Mimi nilibaki nikiandika kwenye daftari, lakini niliona. Alisimama ukingoni, mkono wa kulia umefungwa kiunoni, wa kushoto mtupu. Wakaja ukutani kama wanavyokuja kwa yeyote, wakidhani ni chakula, kila mmoja akijizungusha mpaka jicho lake la kulia linamwona. Hakuwapa kitu, hakuwa na kitu. Midomo yake ilisogea kidogo. Aliporudi hakunieleza alichosema, nami sikumuuliza.

Mwanga ulikuwa umeshaanza kuwa wa manjano kwenye maji. Vipimo vya macho tunavichukua kwa mwanga wa jua peke yake, na tangi la nne lilikuwa tayari ndani ya kivuli cha ukuta. Niliandika: siku ya kwanza, matangi matatu, wote kushoto. La nne, la tano na la sita kesho. Chini yake nikaandika neno barua, nikalipigia mstari.

"Nifungue," akasema Bi Riziki. "Nikatie udhu. Kesho utanifunga tena."

Fundo lilikuwa limelowa na kukaza. Nilihangaika nalo kwa vidole vya kushoto, mpaka likaachia. Kile kitambaa nilikikamua, nikakitundika kwenye msumari wa tangi la nne.